Jinsi ya kuchagua intaneti ya kuchezea michezo ya mtandaoni mashambani

KIJANA anayecheza kandanda ya video dhidi ya wapinzani wa mbali akiwa nyumbani kwao Bomet au Taita anaweza kushindwa ilhali ustadi anao. Amri ya kidole chake huondoka kwa wakati, lakini hufika kwenye seva ya mchezo ikiwa imechelewa, na bao tayari limeingia.

Ili kuondoa kero hiyo, baadhi ya familia hununua ruta au dishi kwa maelfu ya shilingi zikivutiwa na kasi inayotangazwa, kisha zikagundua kwamba tatizo lingali pale pale. Kabla ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ni vyema mnunuzi aelewe kinachohitajika hasa.

Kasi si kila kitu

Kinyume na dhana ya wengi, mchezo unapoendelea hauhitaji kasi kubwa. Megabiti 5 hivi kwa sekunde zamtosha mchezaji mmoja, mradi wenzake nyumbani hawatazami filamu kupitia laini iyo hiyo. Kasi huhitajika zaidi wakati wa kupakua mchezo wenyewe, kwani baadhi yake huzidi gigabaiti 50.

Kinachoamua mshindi ni muda ambao taarifa huchukua kutoka kwenye kifaa cha mchezaji hadi kwenye seva na kurudi. Wachezaji huuita pingi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde.

Pingi ya chini ya 50 ni nzuri mno, na ya kati ya 50 na 100 huvumilika. Ikipita 150, michezo ya risasi, ndondi na kandanda huwa kero. Michezo ya zamu, kama vile sataranji, haiathiriki sana.

Aidha, uthabiti ni muhimu. Pingi ya 80 isiyobadilika ni afadhali kuliko ile inayoruka kutoka 40 hadi 300 kila mara.

Umbali nao una gharama yake. Mwangaza ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Iwapo seva iko umbali wa kilomita 10,000 za nyaya, safari ya kwenda na kurudi huchukua angalau milisekunde 100, hata laini ikiwa bora namna gani. Kwa hivyo, mchezo unaporuhusu, chagua seva iliyo karibu zaidi badala ya ile ya mbali.

Njia zilizopo

Nyaya za faiba ndizo bora. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa mwaka wa 2009, ikafuatwa na EASSy mwaka wa 2010, na kupunguza utegemezi wa Kenya kwa setilaiti. Hata hivyo, nyaya zinazoingia hadi nyumbani zimejikita zaidi mijini. Zikifika kijijini mwako, usitafute kwingine.

Njia ya pili ni kampuni ndogo zinazorusha intaneti kutoka mlingotini hadi kwenye antena iliyo juu ya paa. Huduma hii huwa thabiti iwapo antena inauona mlingoti bila kuzuiwa na kilima au miti.

Njia ya tatu ni ruta ya laini ya simu. Mtandao wa 4G umeenea sehemu nyingi, nayo huduma ya 5G ilianza kuuzwa nchini mnamo Oktoba 2022. Udhaifu wake ni kwamba watumiaji wote hugawana mnara mmoja, hivyo pingi hupanda jioni. Isitoshe, kuta na paa za mabati huzuia mawimbi. Weka ruta karibu na dirisha linaloelekea mnara.

Ya nne ni setilaiti, na hapa pana tofauti kubwa. Setilaiti za kale huelea takriban kilomita 35,786 juu ya ikweta. Taarifa hupanda na kushuka mara mbili kabla ya jibu kufika, na karibu nusu sekunde hupotea. Hazifai michezo ya kasi.

Setilaiti za Starlink, ambayo ilianza kuhudumu Kenya mwaka wa 2023, huzunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji wake ni mdogo mno ukilinganishwa. Lakini dishi lake lahitaji anga wazi: mkaratusi mmoja waweza kukata mawasiliano kila baada ya dakika chache. Mvua kubwa pia huyadhoofisha.

Usisahau stima. Dishi la kawaida hutumia wati 75 hadi 100, sawa na karibu yuniti moja kwa saa 10. Anayetegemea sola afanye hesabu hiyo kabla ya kununua.

Kabla ya kulipa

Pima kwanza. Nunua bando za siku moja za kampuni mbili au tatu, kisha pima pingi ukiwa katika chumba utakachochezea, kati ya saa moja na saa nne usiku, kwa siku kadhaa. Kipimo cha saa nne asubuhi hakikuambii lolote kuhusu jioni.

Muulize muuzaji iwapo kasi hupunguzwa baada ya kiasi fulani cha data, mkataba ni wa muda gani, na nani atagharimia fundi. Epuka vifaa vya kuongeza nguvu za mawimbi ambavyo havijaidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA).

Nyumbani, unganisha kifaa cha mchezo kwa kebo badala ya Wi-Fi, na upakue masasisho usiku wa manane.

Hatimaye, weka laini ya akiba ya kampuni tofauti. Mnamo Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilizorota kote nchini. Yule asiyekuwa na njia ya pili alilazimika kungoja.