Grundriss

Grundriss (tahajia ya zamani: *Grundriß*; wingi: *Grundrisse*) ni neno la Kijerumani lenye maana ya ramani ya jengo, na pia kitabu cha kitaaluma kinachoeleza misingi ya elimu fulani kwa ufupi.

Asili ya neno

Neno limeundwa na *Grund* (ardhi, msingi) na *Riss*. Siku hizi *Riss* ni hasa ufa au mpasuko, jambo linaloweza kumpotosha anayetafsiri kwa kamusi tu. Hapa imebaki maana ya kale ya kitenzi *reißen*, yaani kukwaruza au kuchora mstari. Ni mistari ya fundi inayoonyesha kuta zitasimama wapi. Wasomi waliiazima: Hegel aliitumia katika jina la ensaiklopidia yake ya falsafa mwaka 1817. Miswada ya Karl Marx ya 1857–1858 inajulikana kwa neno hilohilo, ingawa jina hilo lilitolewa na wahariri walioichapisha Moscow mnamo 1939–1941.

Kwa Kiswahili “muhtasari” unakaribia, lakini shuleni Tanzania neno hilo limeshachukuliwa na mtaala wa somo.

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Wamisionari wa Kimoravian na wa Misheni ya Berlin walifika kwa Wanyakyusa mwaka 1891. Mwaka 1899 mmisionari C. Schumann alichapisha *Grundriss* ya sarufi ya “Kondesprache”, yaani lugha ya Konde. Mwaka huohuo Carl Meinhof alitoa *Grundriss* ya fonolojia ya lugha za Kibantu, ambamo Konde ni mojawapo ya lugha alizozilinganisha, pamoja na Kiswahili, Kiherero na Kiduala. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili tano; kwa mtu anayetafuta sauti za Kibantu cha kale, tofauti hiyo si ndogo.

“Konde” ya Wajerumani ni Kinyakyusa cha Kyela na Rungwe pamoja na Kingonde cha Karonga, nchini Malawi. Isichanganywe na Kimakonde cha kusini-mashariki mwa Tanzania. Mwanafunzi wa Kyela anayetafuta maandishi ya zamani kuhusu lugha ya bibi yake kwa jina la “Nyakyusa” pekee atazikosa kazi hizi mbili. Inabidi atafute pia “Konde”.