Neno la Wiki: Zilizopendwa

Ndani ya matatu kutoka Kehancha kwenda Migori, kijana alimwomba dereva azime wimbo wa Daudi Kabaka: “Mzee, toa hizo zilizopendwa, zimechacha.” Dereva akazidisha sauti.

Vijana wetu wamelifanya neno hili tusi la uzee. Siyo. Limezaliwa na penda: ni nyimbo zilizoshika mioyo ya watu, hasa za miaka ya 1960 na 1970, kama Malaika aliyoirekodi Fadhili William. “Za zamani” hutaja umri tu. Wimbo wa zamani huenda haukupendwa na yeyote. “Za jadi” ni za mila, kama zinazopigiwa litungu hapa Kuria. Kijana, ukisema zilizopendwa, umesifu. Na wimbo wako wa leo uombee jina hilo.