Raketi Ndogo Iliyomponza Federer: Kisa cha Bekihendi ya Mkono Mmoja

Mdau, kuna mapigo ya tenisi yanayoleta pointi tu, na kuna pigo linalomfanya mtu aweke simu chini aangalie. Bekihendi ya mkono mmoja ni hilo la pili. Mkono unafunguka kama bawa na mpira unakatiza uwanja huku mpigaji ametulia kama anapigwa picha.

Sasa sikia hii. Februari 2024, Stefanos Tsitsipas aliporomoka kutoka kumi bora ya dunia, na kwa mara ya kwanza tangu orodha ya wanaume ianze mwaka 1973, kumi bora nzima haikuwa na hata mtu mmoja anayepiga bekihendi kwa mkono mmoja. Baadaye wachache walirudi, lakini ujumbe ulishafika: pigo hili sasa ni la kuhesabu kwa vidole.

Wengi wanawalaumu makocha kwamba wanawafundisha watoto mikono miwili tangu wadogo. Kweli ipo hapo. Ila ukiifuatilia historia, kuna mtuhumiwa mwingine ambaye watu hawamtaji sana: raketi yenyewe.

Turudi nyuma. Enzi za mbao, raketi ilikuwa na kichwa kidogo, kama inchi za mraba 65 hadi 70, na uzito wa karibu gramu 370 au zaidi. Mzigo, si mchezo! Lakini mzigo huo ulikuwa rafiki wa mkono mmoja. Ukishaianzisha safari, raketi inakwenda yenyewe, na mpira ukigonga hauirudishi nyuma kirahisi. Halafu hadi mwaka 1974, mashindano matatu kati ya manne ya Grand Slam yalichezwa kwenye nyasi, ambako mpira unateleza chini chini. Mkono mmoja unapenda mpira wa usawa wa kiuno. Hapo ulikuwa nyumbani kabisa.

Mwaka 1976 mambo yakabadilika. Howard Head akaleta raketi ya Prince yenye kichwa cha takriban inchi 110. Watu walicheka, wakaiona kama kituko. Miaka miwili baadaye binti wa miaka 16, Pam Shriver, akafika nayo fainali ya US Open. Kicheko kikaisha. Mbao zilijikongoja kidogo, na mwaka 1983 Yannick Noah, mtoto aliyekulia Yaoundé, Kamerun, na kuonwa huko na Arthur Ashe mwaka 1971, akashinda French Open kwa raketi ya mbao. Noah na Ashe wote ni watu wa mkono mmoja. Baada ya Noah hakuna mwanaume mwingine aliyebeba Grand Slam kwa mbao.

Zikaja fremu za grafaiti: nyepesi, ngumu, zenye nguvu. Sasa hapa ndipo penye siri. Raketi nyepesi ikikutana na mpira mzito inasukumwa. Mwenye mikono miwili hana shida, mkono wa pili unashikilia. Mwenye mkono mmoja hana msaidizi. Msaidizi wake pekee ni uzito wa raketi. Ukimpunguzia uzito sana, umemnyang'anya mkono wake wa pili.

Ndiyo maana wakali wa mkono mmoja waling'ang'ania silaha za kizamani. Pete Sampras alikusanya Grand Slam 14 akiwa na Wilson Pro Staff ya inchi 85, tena akiiongezea risasi ili iwe nzito zaidi. Roger Federer naye alianza na hiyo hiyo ya 85, kisha akahamia ya inchi 90 na kutawala dunia.

Na hapo ndipo mapenzi yalipogeuka mtego.

Kichwa kidogo kina eneo dogo la kugonga vizuri. Mpira ukija kiunoni, raha tupu. Lakini Rafael Nadal, kwa mkono wake wa kushoto, alikuwa anaupeleka mpira wenye spini kali kwenye bekihendi ya Federer, unaruka hadi begani. Huko juu mkono mmoja hauna nguvu, na ukikosea kidogo mpira unagonga pembeni ya fremu. Federer alipoteza fainali nne za French Open kwa mtu huyo huyo: 2006, 2007, 2008 na 2011. Dunia nzima iliona tatizo. Lakini utamwambia nini mtu kuhusu raketi iliyompa karibu kila kitu?

Mwaka 2013 akajaribu ya inchi 98 kwenye mashindano ya Hamburg na Gstaad. Akapoteza kote kuwili, mgongo unamsumbua, akairudia ile ya zamani haraka. Ni mwaka 2014 ndipo alipovuka mto rasmi na kuchukua ya inchi 97. Hata hivyo makombe makubwa hayakumwagika. Alisubiri, akazoea.

Halafu Australian Open 2017. Umri miaka 35, ametoka kupumzika miezi sita kwa jeraha. Fainali ni Nadal, ambaye alikuwa amemfunga mara 23 kati ya 34. Seti ya tano Federer yuko nyuma 1-3. Badala ya kurudi nyuma na kukata mpira, akasogea mbele na kuupiga bekihendi ukiwa bado unapanda, kabla haujafika begani. Akashinda gemu tano mfululizo. Mwaka huo alimfunga Nadal mara nne zote walizokutana.

Tusidanganyane kwamba ni raketi peke yake. Mapumziko yalisaidia, mbinu zilibadilika, na kocha wake Ivan Ljubičić naye alikuwa mtu wa mkono mmoja. Lakini mbinu ile ilihitaji fremu inayosamehe makosa madogo. Kwa ile ya 90, kuupiga mpira unaopanda mbele ya Nadal ilikuwa kamari.

Sasa wewe mdau unayetaka kununua yako, historia inakwambia nini? Kwanza, usinunue poster. Raketi ya Federer ilikuwa na gramu 340 kabla ya kufungwa nyuzi. Ukicheza nayo Jumamosi mbili, bega litakuuliza maswali. Pili, usikimbilie nyepesi kuliko zote dukani eti kwa sababu inapepea. Kwa mtu mzima mwenye mkono mmoja, gramu 300 hadi 315 na kichwa cha inchi 97 au 98 ni mahali pazuri pa kuanzia. Tatu, angalia uzito umekaa wapi. Tafuta ambayo uzito umeegemea mpinini kuliko kichwani, ili mkono mmoja uweze kuiwahisha mbele ya mwili, maana bekihendi hii hupigwa mbele zaidi. Usichague ndefu kuliko kawaida.

Na kabla hujatoa hela, azima ya mwenzako uombe akupigie mipira ya juu, ya begani. Mpira wa kiunoni kila raketi inaupenda. Ule wa begani ndio unaosema ukweli.

Federer alichukua miaka mingi na vikombe kadhaa kukubali kwamba silaha iliyomfikisha juu haikuwa tena ya kumbakisha huko. Je, ingekuwa wewe, ungeiacha mapema? Na wewe ni timu mkono mmoja au mikono miwili? Funguka hapo chini.