Miungu ya Wayunani na ya Warumi: Undugu wa Damu na Undugu wa Tafsiri

Vitabu vingi vya shule vinavyoeleza habari za kale za Ulaya huwa na orodha ya safu mbili: upande mmoja majina ya miungu ya Wayunani, yaani Wagiriki, na upande wa pili majina ya miungu ya Warumi. Zeus ni Jupiter, Hera ni Juno, Athena ni Minerva, Ares ni Mars, Aphrodite ni Venus, na kadhalika. Mwanafunzi akiisha kuikariri hudhani kwamba mataifa haya mawili yaliabudu miungu ile ile, ila kila taifa liliiita kwa lugha yake, kama vile Mswahili asemavyo maji na Mwarabu akasema maa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba orodha hiyo, karibu yote, ni kazi ya wafasiri, na kwamba asiyejua hivyo hatafahamu vema dini ya Wayunani wala dini ya Warumi.

Iko jozi moja ambayo undugu wake ni wa damu. Myunani alipomwita mungu wake mkuu alisema Zeu pater. Mrumi alisema Iuppiter. Na katika nyimbo za kale za Kisanskriti yumo Dyaus pitar. Majina haya matatu hayakuazimana. Yote yametoka katika shina moja la kale, lenye maana ya mbingu yenye nuru, likifuatwa na neno la baba. Na shina hilo ndilo lililozaa neno la Kilatini dies, yaani siku. Hestia na Vesta, walinzi wa meko, wanakaribiana kwa sauti, walakini sheria za mabadiliko ya sauti hazikubali upesi, na wataalamu wangali wakibishana. Waliosalia ni ndugu wa kuchanjiana. Tena Wayunani walikuwa na miungu yao zamani sana: vibao vya udongo vya Knossos na Pylos, ambavyo maandishi yake yalifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, vinataja Zeus, Hera, Poseidon na Dionysos kabla ya mwaka 1100 K.K., wakati ambapo dola ya Rumi haijazaliwa.

Basi kuchanjiana huko kulifanyika vipi? Mara nyingine Warumi waliazima mungu pamoja na jina lake. Tauni ilipowasumbua mwaka 433 K.K. waliweka nadhiri ya kumjengea Apollo hekalu, nalo likawekwa wakfu mwaka 431 K.K.; Apollo hakupata jina la Kilatini hata mwisho. Mara nyingine walioanisha. Mwaka 217 K.K., baada ya jeshi lao kuangamizwa na Hannibal kando ya ziwa Trasimene, waliandaa karamu ya miungu kumi na miwili, wawili wawili kwa kila kitanda: Jupiter na Juno, Neptune na Minerva, Mars na Venus, Apollo na Diana, Vulcan na Vesta, Mercury na Ceres. Msomaji atazame jozi ya pili. Katika mapokeo ya Kilatini Neptune hana neno na Minerva. Ni Poseidon na Athena walioshindania mji wa Athens. Kadhalika Mars na Venus wameketishwa pamoja kwa sababu ya mapenzi ya Ares na Aphrodite yasimuliwayo katika Odyssey. Majina ni ya Kirumi, hadithi ni ya Kiyunani.

Mfasiri wa kwanza tumjuaye kwa jina ni Livius Andronicus, aliyeonyesha mchezo wa kuigiza kwa Kilatini huko Rumi mwaka 240 K.K., na aliyeifasiri Odyssey. Homer humwita Mousa, mungu wa kike wa nyimbo. Livius akaandika Camena, jina la mmoja wa miungu ya kike ya chemchemi za Rumi. Ennius, aliyemfuata, alikataa, akalirudisha lile la Kiyunani. Kuzibua au kuazima: ubishi huu wa wafasiri, ambao wasomaji wa jarida hili wanaujua sana, ulikuwako tangu siku ile. Kwa heshima ya Livius waandishi na waigizaji walipewa mahali pa kukutania katika hekalu la Minerva juu ya kilima cha Aventine; malipo ambayo wafasiri wa leo hawayapati.

Hasara ya kulinganisha huonekana zaidi kwa Ares na Mars. Ares ni kishindo cha vita na umwagaji damu tu. Katika kitabu cha tano cha Iliad, Diomedes, naye ni mwanadamu, anamchoma mkuki kwa msaada wa Athena. Ares akapiga ukelele kama wa watu elfu tisa au kumi, akapanda kwa babaye Zeus kushitaki, na babaye akamjibu kwamba katika miungu yote hakuna amchukiaye kuliko yeye. Mars si huyu. Mars ndiye aliyewazaa Romulus na Remus. Mwezi wa kwanza wa kalenda ya kale ya Kirumi, ndio Machi yetu, uliitwa kwa jina lake. Katika kitabu cha kilimo cha Cato, cha karne ya 2 K.K., mwenye shamba anamwomba Mars azuie maradhi na ukame, aistawishe nafaka, awalinde wachungaji na mifugo. Ni Myunani gani angemwomba Ares nafaka? Augustus alipoliweka wakfu hekalu la Mars Mlipiza Kisasi mwaka 2 K.K., alikuwa akimtukuza babu wa taifa. Asomaye habari hiyo huku akimfikiria Ares ataona kichaa mahali palipo na heshima.

Venus naye ana ajabu yake. Umbo la jina lake si la jinsi ya kike, bali ni la jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, kama genus. Wengi wanakubali kwamba hapo kwanza lilikuwa nomino ya kawaida yenye maana ya mvuto au haiba, na kitenzi venerari, kuomba kwa unyenyekevu, ni cha ukoo huo. Haiba ikapewa nafsi, kisha ikavikwa hadithi zote za Aphrodite, ikawa mama wa Aeneas, na hivyo bibi wa ukoo wa Julius Caesar, ambaye alimwekea wakfu hekalu mwaka 46 K.K. Hapa tafsiri ilizaa nasaba, na nasaba ikazaa utawala.

Warumi wenyewe walijua walitendalo. Tacitus, katika kitabu chake juu ya Wagermani cha mwaka 98 B.K., ataja miungu miwili ya kabila moja, asema kwamba kwa tafsiri ya Kirumi ni Castor na Pollux, lakini jina lao hasa ni Alci. Heri yeye aliyeliandika jina. Caesar asema tu kwamba Wagalia humwabudu Mercury kuliko miungu mingine. Wenyewe walimwitaje, hasemi, na mpaka leo wataalamu wanakisia.

Kwa mfasiri wa Kiswahili jambo hili si la mbali. Majina ya sayari tuliyapata kwa njia ya Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Waarabu waliisoma elimu ya nyota ya Ptolemy pasipo kuichukua miungu yake. Basi mfasiri akutapo Venus katika shairi la Kilatini, aandike Zuhura panapotajwa nyota; panapotajwa mungu wa kike amwache Venus, wala asimgeuze Aphrodite. Na amfasiripo Homer kwa kupitia Kiingereza cha Alexander Pope ajihadhari, kwa maana humo Zeus amekuwa Jove na Ares amekuwa Mars. Akimkuta Janus, mlinzi wa milango mwenye nyuso mbili, hana haja ya kutafuta jozi: Ovid, katika shairi lake la sikukuu za mwaka, amekwisha kukiri kwamba Uyunani haina mungu wa kulingana naye.