Madaktari wa Visiwani Uskoti

Daktari huvutwa na mji kama mfanya biashara avutwavyo na soko. Wagonjwa wenye fedha wapo huko, hospitali kubwa zipo huko, na wenziwe wa kushauriana nao hawako mbali. Mkaa pembezoni hupata masalio. Jambo hili si la nchi maskini peke yake. Uingereza, yenye vyuo mashuhuri vya utabibu, imeshindana nalo kwa zaidi ya miaka 100.

Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 iliwapa wafanya kazi haki ya kutibiwa kwa mchango uliokatwa katika ujira wao. Lakini kaskazini mwa Uskoti na visiwani mwake watu wengi walikuwa wavuvi na wakulima wa vishamba vya kukodi, ambao hawakuwa na ujira wa kukatwa. Serikali ikaunda kamati chini ya Sir John Dewar, nayo ikatoa taarifa mwishoni mwa mwaka 1912. Kamati ilionyesha kuwa watu wengi walikufa pasipo daktari kuthibitisha sababu ya vifo vyao. Ilionyesha pia kuwa daktari mwenyewe alikuwa katika dhiki: pato dogo, nyumba mbovu, safari ndefu za bara na bahari, wala hapakuwa na mtu wa kushika zamu yake ili apumzike.

Mwaka 1913 Bunge lilipitisha ruzuku ya pauni 42,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazikuwa zawadi ya kumshawishi daktari afike tu. Zilitimiza pato lake na kulipa gharama za safari, ili mgonjwa wa mbali asilemewe kwa sababu ya umbali. Kisha zikasaidia uuguzi na hospitali. Vita ya mwaka 1914 ilichelewesha mengi. Hata hivyo, baadaye madaktari wa upasuaji waliwekwa visiwani, na mwaka 1933 ndege ikaanza kubeba wagonjwa mahututi. Mwaka 1948 kazi hiyo yote ikaingia katika Huduma ya Taifa ya Afya.

Katika England na Wales huduma hiyo ya taifa ilijaribu njia nyingine: kamati maalumu iliweza kumkataza daktari kuanza kazi mahali palipokwisha kutosheka. Lakini kumfungia mtu mlango mmoja si kumwingiza katika mwingine. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, alieleza kwamba matibabu mema huwa haba zaidi pale yanapohitajika zaidi.

Mwaka 2016 England ilirudi kwenye fedha. Daktari kijana aliyekubali kujifunza udaktari wa familia mahali palipokosa waombaji kwa miaka aliahidiwa pauni 20,000 mara moja. Kijana mwenye deni la masomo hana sababu ya kuona haya kuipokea, na mji usio na daktari haukosei kumwita. Walakini mafunzo yana mwisho, na siku yanapokwisha hurudi maswali yale yale ya mwaka 1912: atakaa wapi, nani atamshikia zamu, na ataongeza elimu yake kwa nani? Serikali imlipayo daktari ili aje imefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumwezesha kukaa, nayo hulipwa kila mwaka.