Mbiru na Cheche

Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same, makao ya wilaya, kuipinga mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Walikaa pale siku nyingi, bila silaha, wakidai kusikilizwa. Mwaka 1971 mwana wa Upare, Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliichapisha habari yao. Lakini mwaka uliotangulia, chuoni hapohapo, serikali ilikuwa imelipiga marufuku Cheche, jarida la wanafunzi lililoihoji njia yake ya ujamaa. Mkoloni alikwisha kuondoka. Kumsema hakukumgharimu mtu. Uhuru wa chuo hupimwa pale msomi anapomsema aliyepo madarakani.