Uzi wa kijani: namna ordinatere ya ofisi yetu haikufa



Wengi mumeuliza kama ni kweli orodha ya wanachama ilipotea. Haikupotea. Lakini ilikaribia, na siyo juu ya mashini kuharibika: ni juu ya sisi wenyewe kuharakisha kuamua. Nitaeleza namna ilipita. Na kwa kuwa miye nilisoma historia, si elektroniki, mutanivumilia nikirudi nyuma mpaka 1977. Bila ile historia singejua nianzie wapi.

Umeme ulikatika jioni, ukarudi usiku kwa nguvu. Mlinzi alisikia "pa!" mara moja, kisha harufu ya kuungua. Asubuhi tukabonyeza kitufe: kimya. Hakuna taa, hakuna ventilatere. Ndani ya diski kulikuwa na miaka 11 ya chama: majina, michango, anwani za wale walio nje ya nchi, orodha ya wajane tunaowasaidia. Kopi? Hakuna. Hiyo ni aibu yetu, tusiifiche.

Kijana mmoja fundi akaangalia dakika mbili. "Mukubwa, hii imekufa yote. Karte mere imeungua, diski nayo imeenda. Miye naonaka bingi sawa hii. Mununue ingine." Komite ilikuwa tayari kupiga kura. Nikaomba siku mbili.

Sasa historia. Kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya ordinatere, kile tunaita alimantasyo, kazi yake ni kuchukua volti 220 za ukutani na kutoa volti ndogo za moja kwa moja: 12, 5, na siku hizi 3.3. Zamani kazi hiyo ilifanywa na transfoma nzito ya chuma, na nguvu nyingi ilipotea kwa joto. Njia mpya ni kuukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ukikatwa haraka hivyo, transfoma inaweza kuwa ndogo sana. Apple II ya 1977 ilikuwa na alimantasyo ya aina hiyo, ya wati 38, iliyotengenezwa na Rod Holt. Steve Jobs alipenda kusema kwamba ordinatere zote zilimwiga Holt. Hapo mwanahistoria anakohoa kidogo. Satelaiti Telstar ya 1962 tayari ilitumia mbinu hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Robert Boschert alikuwa akiunda alimantasyo kama hizo kwa ajili ya mashini za kuchapa. Kilichobadilika ni bei: transista zenye kuvumilia volti kubwa na kukata haraka zilishuka bei, na watu wengi wakafika pahali pamoja kwa wakati mmoja. Tunaijua hii aina ya hadithi, mtu mmoja kupewa kazi ya watu mia. Hata kwetu iko.

Kwa nini hiyo inatuhusu? Kwa sababu mashini nyingi zinazofika huku zimetumika kwanza kwingine, na zingine zinatoka Marekani, inchi ya volti 110 na kitu. Nyuma ya alimantasyo za zamani kuna kaswichi kekundu: 115 ao 230. Ukikaacha kwenye 115, mzunguko wa ndani unaziongeza volti mara mbili, ili zifike kama 320. Mupe mashini ya namna ile volti 220 zetu, ndani zinapanda kupita 600. Kondensata zake mbili, kila moja imepimwa kwa volti kama 200, haziwezi kubeba hiyo. Njo ile "pa!" ambayo wengi wetu tuliisikia siku ya kwanza ya kufungua ordinatere iliyotoka Amerika kwa shangazi. Ya ofisi yetu niliangalia kwanza: ilikuwa kwenye 230, sawa kabisa. Basi kosa halikuwa letu hapo.

Hatua ya pili ni ya miaka ya 1980. IBM PC ya 1981 ilikuwa na alimantasyo ya wati 63.5, ile ya AT ya 1984 wati 192. Siku hizo kitufe cha kuwasha kilikata umeme wenyewe wa ukutani. Na nyuzi za kwenda kwenye karte mere zilikuwa na vichwa viwili vinavyofanana. Sheria ya mafundi: nyuzi nyeusi zikutane katikati. Ukibadilisha upande, karte mere inaungua palepale. Miye nafikiri hapo ndipo mafundi wetu wakubwa walifunzwa kwamba alimantasyo haifi peke yake, inazikwa na mashini yote. Walikuwa na sababu. Kijana wetu alipokea ile hukumu kutoka kwao, lakini mashini iliyokuwa mbele yake haikuwa ya wakati ule.

Kwa sababu mu 1995 Intel ilitoa mpango mpya, ATX. Kichwa kikawa kimoja, cha nyuzi 20, kisichoingia kinyume. Kitufe cha mbele hakikati tena umeme wa ukutani. Kinaiambia karte mere, nayo inashusha uzi wa kijani mpaka kwenye mweusi, ndipo alimantasyo inaamka. Ili kitufe kiweze kusikilizwa, uzi wa zambarau unatoa volti 5 muda wote mashini ikiwa kwenye prize, hata ikilala. Na uzi wa kijivu unasema "umeme uko sawa". Bila ile ishara, karte mere haianzi. Ishara hiyo ilikuwapo tangu 1981. Tena ATX inadai alimantasyo ijifunge yenyewe volti zikipanda kupita kiasi. Yaani kisanduku kinaweza kufa kwa ajili ya wengine.

Basi nilijua pa kuanzia. Nilichukua kamba ya umeme ya ordinatere nikaiweka kwenye ekrani: ekrani ikawaka, kamba ni nzima. Nikachomoa, nikangoja, nikatoa vichwa vyote vya alimantasyo kutoka ndani ya mashini. Kisanduku chenyewe sikukifungua, nanyi musikifungue: kondensata za ndani zinaweza kubaki na volti 300 hata baada ya kuchomoa. Kisha nikairudisha kwenye prize peke yake, nikapima uzi wa zambarau kwa multimetre ya kuazima. Inatakiwa 5. Ilisoma 0. Nikaunga uzi wa kijani na mweusi kwa kiwaya cha kushikia karatasi: ventilatere haikusogea. Alimantasyo imekufa, peke yake, bila kitu chochote kuivuta. (Ventilatere ingezunguka, bado isingekuwa ushahidi wa uzima, kuna zinazozunguka vizuri zikiwa tupu, na zikibebeshwa mzigo zinaanguka.)

Ile karte mere nayo? Nilichukua tochi nikaangalia kondensata, moja moja. Kati ya 1999 na 2007 hivi, dunia nzima ilijaa kondensata mbovu, zinazovimba kichwa na kutoa maji. Mu 2005 Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya mashini zilizoharibika hivyo. Mashini yetu ni ya miaka ile. Lakini vichwa vyote vilikuwa bapa.

Tukaazima alimantasyo nyingine. Hapa tena historia: baadhi ya mashini za Dell za mwisho wa miaka ya 1990 zilitumia kichwa kilekile cha ATX lakini nyuzi zimepangwa tofauti, na kuzichanganya ni kuua karte mere kwa mkono wako. Nikalinganisha rangi moja moja. Nikaipima peke yake: 5.1 pa 5, 11.9 pa 12. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu ao chini, basi sawa. Diski tuliiacha bila kuunganishwa. Kama kuna kitu cha kuungua, kiungue kingine.

Kubonyeza: ventilatere zikazunguka. Ekrani nyeusi.

"Unaona, Mukubwa?" kijana akasema, na ukweli nilianza kuamini. Komite yote ilikuwa imesimama nyuma yangu. Nilikaa nikafikiri karibu nusu saa. Kisha nikakumbuka 2000: Pentium 4 ilipofika, ilikula umeme mwingi kiasi kwamba waliongeza kichwa kidogo cha mraba, nyuzi nne, mbili za njano na mbili nyeusi, cha kulisha prosesa peke yake. Kichwa chetu kilikuwa kinaning'inia nyuma ya ventilatere. Bila hicho mashini inazunguka lakini akili yake haina chakula.

Tulikichomeka. Ekrani ikawaka, ikalalamika tu kwamba haioni diski, na kwamba saa yake imerudi miaka mingi nyuma (kibetri cha CR2032 kilikuwa kimechoka). Tukazima, tukachomoa, tukaunganisha diski. Hakuna aliyeongea. Faili la kwanza kufunguka lilikuwa lile la wajane.

Kijana ndiye aliyefanya kopi, tatu, na moja haikai ofisini. Alimantasyo ya kuazima imerudishwa, mpya imenunuliwa. Ile iliyokufa aliiomba, namna anataka kuwafundishia wadogo wake uzi wa zambarau, tulimpa.

Kusoma orodha upya tumeona promosyo za 2004 na 2005 zimechanganyika, majina mengine yako mara mbili na mengine hayako. Mupite ofisini Jumamosi, na kadi zenu.